Ufundi wa Kuisoma Lami

Lori lenye breki za upepo likiishiwa upepo, halikimbii. Linasimama. Walioliunda walilipanga hivyo kwa makusudi: ndani ya breki za nyuma mna springi nene, na upepo ndio unaoizuia isifanye kazi. Upepo ukivuja ukapungua kupita kiasi, springi inafunguka na kuyakamata magurudumu. Ndiyo maana utaona lori limegoma katikati ya barabara, fundi yuko uvunguni na spana akiirudisha springi kwa mkono kabla gari halijavutwa.

Kwa hiyo dereva aliyenusurika kwenye mteremko anapokaa kitandani hospitalini na kusema, "Upepo uliisha, breki zikafeli," mkaguzi wa magari anayeijua kazi yake hamkatizi. Anayaandika maneno yale vilevile yalivyotoka. Kisha anakwenda kwenye yadi ya kituo cha polisi, anavaa ovaroli, analala chali chini ya kile chuma kilichokunjamana, na kuanza kuyahoji magurudumu moja baada ya jingine.

Anachotafuta ni joto. Breki za lori lenye shehena nzito likishuka mlima mrefu kwa kawaida hazishindwi na ukosefu wa upepo. Zinazidiwa na moto. Dramu ikipata moto hutanuka na kuzikimbia lainingi, na lainingi zenyewe huungua uso zikawa zinateleza badala ya kukamata. Dereva anakanyaga hadi mwisho wa pedeli, lori haliitikii. Kwake yeye breki zimefeli, na hasemi uongo. Lakini moto huo una dalili zake. Chuma cha dramu hugeuka samawati, nyufa ndogondogo hujichora usoni mwake, lainingi hubaki na ganda la kung'aa. Mkaguzi anayaona hayo kwenye gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne anakuta kutu.

Hapo anatulia. Kutu ya mvua ya jana ni nyepesi, inafutika kwa kidole. Hii imeshikana na chuma. Lori lilishuka mlima mzima huku breki zikifuka moshi, ilhali gurudumu hili halikuguswa na joto hata kidogo. Maana yake breki yake haikufanya kazi siku ile, wala siku nyingi kabla yake, na magurudumu mengine yalibeba mzigo wake mpaka yakaungua. Anachukua rula, anaomba breki zikanyagwe kwa upepo wa kompresa ya nje, na kwenye kila gurudumu anapima fimbo inayosukuma breki imetoka kiasi gani. Ikitoka kupita kiwango, breki hiyo ilikuwa imelegea na hakuna aliyeikaza. Sasa habari imeshatoka mikononi mwa dereva peke yake. Imeingia kwa fundi, na kwa tajiri aliyeliruhusu gari lile liondoke na shehena.

Nimekaa sana kwenye breki kwa sababu hapa ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Kila ajali kubwa ina jibu la kwanza ambalo linatosha. Dereva amesema breki, breki zimekutwa mbovu, faili lifungwe. Mpelelezi wa kweli ni yule ambaye jibu la kwanza likitosha, yeye bado hajatosheka. Anauliza pia gia. Kwenye miteremko kama ya Kitonga kule Iringa, au ule wa Salgaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret nchini Kenya, wapo madereva wanaoweka gia huru ili lori lishuke lenyewe na dizeli isalie. Lori lililoko kwenye gia ndogo linazuiwa na injini. Lililoko kwenye gia huru limeziachia breki kazi yote. Kwa hiyo giaboksi inafunguliwa na meno yaliyokuwa yameshikana yanatazamwa, kwa maana mkono wa gia huweza kuhamishwa na kishindo chenyewe, au na mikono ya waokoaji waliomtoa dereva. Salgaa ilipoendelea kuua, Kenya haikuishia kuwakamata madereva. Ilizitenganisha njia za kupanda na kushuka, ili lori lililoshindikana lisikutane uso kwa uso na basi. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufikiwa na mtu aliyeandika "uzembe wa dereva" akafunga daftari.

Na hiyo ndiyo karaha yangu na taarifa zetu za habari. Ajali inatokea saa kumi na moja alfajiri, saa mbili asubuhi tunaambiwa chanzo ni mwendokasi. Huenda ni kweli. Lakini mwendokasi gani, ukilinganisha na nini, na umejulikanaje wakati alama za matairi hazijapimwa?

Barabarani kazi ina mpangilio wake, na kanuni inayouongoza ni kwamba kinachopotea mapema ndicho kinachoandikwa mapema. Magari yaliyobondeka yatakuwepo kesho. Mashahidi wengi watapatikana. Lakini alama ya tairi iliyosimama ghafla juu ya lami yenye vumbi, maji ya rejeta yanayotiririka kwenda mtaroni, udongo mkavu uliodondoka kutoka chini ya madigadi, hivyo vina saa chache tu. Udongo ule hasa ni wa kuheshimiwa. Magari yanapogongana, kishindo hupukusa matope yaliyokauka chini yake, na rundo lile dogo huangukia karibu na pale yalipokutana. Wenye haraka hutazama magari yalipoishia. Fundi hutafuta yalipokutana, na mara nyingi ni mbali. Anautafuta pia mchubuko ndani ya lami yenyewe, pale ekseli au fremu ilipokandamizwa chini ikachimba. Mchubuko ule ukiwa upande wa kulia wa mstari wa katikati, dereva wa kushoto anayeapa kwamba hakuuvuka ana jambo la kueleza.

Baada ya hapo ndipo futikamba inapotandazwa. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha tatu. Gari lililofunga magurudumu likaburuza mita 30 kwenye lami kavu hadi likasimama, msuguano ukichukuliwa kuwa 0.7, lilikuwa kwenye kilomita 73 kwa saa lilipoanza kuburuza. Lakini nani kasema ni 0.7? Ukichukua 0.6 unapata 68, ukichukua 0.8 unapata 78. Kwa hiyo mpelelezi hachukui namba ya kitabuni. Anakata kipande cha tairi, anakijaza saruji kipate uzito, anakifunga kwenye mizani ya springi na kukiburuza juu ya lami ileile, kwa uelekeo uleule. Kipande cha kilo 20 kikihitaji mvuto wa kilo 14 ili kiburuzike, msuguano ni 0.7. Siku hizi kuna vifaa vya kielektroniki vinavyofanya hivyo kwa sekunde chache ndani ya gari la majaribio, lakini mizani bado ni hoja nzuri mbele ya hakimu, kwani kila mtu mahakamani anaielewa.

Zaidi ya hapo, ile 73 ni kima cha chini. Gari likiburuza mita 30 kisha likagonga, mwendo uliobaki wakati wa kugonga lazima uongezwe, na hauongezwi kwa kujumlisha kama hela. Kama liligonga likiwa kwenye 50, jibu si 123. Ni takriban 88, kwa kuwa kinachojumlishwa ni mraba wa kila mwendo. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya jambo hili kwa sauti kubwa, na ninadhani hakuna somo la fizikia linalostahili kurudiwa kwenye vyuo vyetu vya udereva kama hili. Lingine ni lile la sekunde moja na nusu, muda ambao wapelelezi wengi humpa dereva aone, aelewe na apeleke mguu kwenye breki. Kwenye kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa basi katika barabara zetu kuu, gari limeshakwenda mita 33 kabla breki haijaguswa.

Mashahidi nao wana ufundi wao. Wataalamu wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana" walikadiria wastani wa kilomita 66 kwa saa. Walioulizwa juu ya "kugusana" walikadiria 51. Filamu ni zilezile. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1974, na tangu hapo mpelelezi makini huuliza swali lisilo na rangi: niambie ulichoona. Kisha ananyamaza. Hamwulizi utingo kama basi lilikuwa linakimbia sana. Anamwuliza alikuwa amekaa wapi, alikuwa anafanya nini, alisikia nini kwanza, honi au kishindo.

Usiku mambo yanakuwa magumu zaidi, na hapo ndipo vitu vidogo hupata heshima. Chukua ajali ambayo barabara zetu zinaijua mno: lori limeharibika, limeachwa njiani, basi linakuja nyuma yake gizani. Mwenye lori anasema taa za nyuma zilikuwa zinawaka. Dereva wa basi anasema palikuwa giza tupu. Balbu hutatua ugomvi huo, hata kama imevunjika, alimradi ni ya waya na si ya hizi za kisasa zisizo na waya. Waya wa balbu inayowaka ni laini kwa moto. Ukipata kishindo huvutika na kupindapinda. Kioo kikipasuka waya ukiwa bado una moto, hewa huuunguza, ukabaki na unga mweupe au wa manjano, na pengine chembe za kioo zilizoyeyuka zikaganda juu yake. Waya wa balbu iliyokuwa imezimwa hukatika safi, unang'aa, kama kijiti kikavu. Mtaalamu anaichomoa balbu ile kwa kibano, anaiweka chini ya hadubini, na kitu chenye urefu usiofikia nusu ya kucha kinaamua nani alisema kweli.

Halafu kuna matawi. Sheria inataka pembetatu zinazoakisi mwanga, lakini sote tunajua kwamba lori likiharibika utingo hukata majani na kuyatandaza nyuma yake. Trafiki asiye na haraka huinama kuyatazama majani hayo. Yamekanyagwa na tairi la basi, au yako juu ya alama ya tairi? Yaliyo juu ya alama yaliwekwa baada ya ajali. Hakuna mashine inayohitajika hapo. Anahitajika mtu aliyekubali kuinama.

Dereva akijificha, au walionusurika wakidai kwamba aliyeendesha ni marehemu, mwili husaidia. Kwenye magari yetu yenye usukani wa kulia, mkanda wa dereva hupita bega la kulia kushuka kiunoni kushoto. Wa abiria wa mbele hupita bega la kushoto. Michubuko ya mkanda huandikwa na daktari siku ileile, maana kesho kutwa imeshafifia. Kwa mabasi ya abiria Tanzania, mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari unaosimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, umerahisisha suala hili: kila dereva ana kitufe chake cha utambulisho, na mwendo wa basi hurekodiwa safari nzima.

Magari mapya nayo yana kisanduku cha kumbukumbu kinachohifadhi sekunde tano za mwisho kabla ya mgongano: mwendo, breki, usukani, mkanda. Umoja wa Ulaya umekifanya kuwa lazima kwa magari madogo yote mapya tangu Julai 2024. Wapo wanaodhani kisanduku hicho kimemaliza kazi ya futikamba. Hakijaimaliza. Kisanduku kwa kawaida huchukua mwendo wa magurudumu, na gurudumu lililofungwa na breki au linalozunguka hewani halisemi ukweli kuhusu gari. Anayekisoma bila kuziangalia alama za lami atapata namba nzuri, yenye desimali, na isiyo sahihi.

Ufundi huu ukitaka kuuona ukifanya kazi hadharani, mfano ulioandikwa kwa kina kuliko mingi ni ule wa Paris. Usiku wa manane wa tarehe 31 Agosti 1997, gari aina ya Mercedes lilijibamiza kwenye nguzo ya 13 ndani ya njia ya chini ya Pont de l'Alma. Binti mfalme Diana, rafiki yake Dodi Fayed na dereva Henri Paul walikufa. Mlinzi Trevor Rees-Jones alipona. Dunia nzima ilikuwa na jibu kabla jua halijachomoza. Vyombo vya habari vilisema mshale wa mwendo umekutwa umekwama kwenye kilomita zipatazo 190 kwa saa, na vijiwe vya kahawa kuanzia Forodhani hadi Kariakoo vilikuwa na majina ya wauaji.

Wapelelezi wa Ufaransa walikuwa na vitu vingine mkononi: alama za matairi kuelekea nguzo, vipande vya plastiki nyekundu ya taa ya nyuma ambavyo si vya Mercedes, na rangi nyeupe iliyopakazwa ubavuni mwa Mercedes hiyo. Kutokana na rangi na plastiki walilitambua gari ambalo hakuna aliyekuwa analizungumzia, Fiat Uno nyeupe iliyoguswa pembeni muda mfupi kabla ya ajali. Polisi wakakagua maelfu ya Fiat za aina hiyo kwa subira inayochosha hata kuisimulia. Mwendo wa Mercedes nao ulipohesabiwa, 190 ikayeyuka. Ilikuwa kati ya 95 na 110, kwenye barabara ya ukomo wa 50. Nawaomba wasomaji walitazame jibu hilo la pili vizuri. Mshale wa magazeti ulikuwa na namba moja isiyotetereka. Mafundi walikuja na mbili, ya chini na ya juu, wakakataa kuchagua moja kati yazo. Mtu anayekupa namba moja tu ya mwendo baada ya ajali, mwulize aliipataje.

Miaka ilipita, uvumi haukukoma, na mwaka 2004 polisi wa London chini ya John Stevens wakaanza uchunguzi wao. Waliifanya kazi upya tangu mwanzo: njia ile ikapimwa kwa miale ya leza na kujengwa ndani ya kompyuta, mabaki ya Mercedes yakasafirishwa hadi Uingereza, mikanda ikachunguzwa mmoja mmoja. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba mlinzi alipona kwa sababu alifunga mkanda. Mikanda ilionyesha kwamba hakuna hata mmoja ndani ya gari lile aliyekuwa ameufunga.

Kinachonivutia kuliko vyote ni namna baraza la wazee wa mahakama, katika uchunguzi wa vifo hivyo, lilivyoitumia kazi hiyo Aprili 2008. Walisema Diana na Dodi waliuawa isivyo halali, kwa uendeshaji wa uzembe uliopindukia wa dereva wa Mercedes na wa magari yaliyokuwa yakiwafuata. Lakini hawakuishia hapo. Ajali yenyewe waliihusisha na mwendo, namna ya uendeshaji, na pombe iliyoharibu uamuzi wa dereva. Vifo wakavihusisha pia na mambo mengine mawili: mikanda haikufungwa, na gari liligonga nguzo badala ya kitu kingine. Chanzo cha ajali na chanzo cha kifo vikatenganishwa. Kwetu vyote viwili huzikwa kaburi moja. Basi likipinduka kwa tairi kupasuka, tunauliza tairi. Ni nadra kuuliza viti vilivyong'oka sakafuni, ilhali pengine ndivyo vilivyoua.

Sisemi kwamba hatuna watu wa kazi hii. Tunao, wengine wamesimama kwenye jua la Chalinze wakichora ramani ya tukio kwa penseli huku malori yakipita sentimita chache kutoka migongoni mwao. Wanachokosa ni muda, vifaa, na umma unaowaachia eneo likae lilivyo.

Hilo la mwisho liko mikononi mwako msomaji. Ukiwa wa kwanza kufika, okoa watu, na hakuna mpelelezi atakayekulaumu ukikanyaga alama zote kwa ajili ya kumtoa mtu aliye hai. Wakishatolewa, usipige picha za maiti. Simama kando, elekeza simu yako barabarani: piga picha alama za matairi kabla mvua haijanyesha, mahali vioo vilipodondoka, matawi yalipo, taa za nyuma za lori lililosimama. Kisha mkabidhi trafiki picha hizo, na umwachie jina lako na namba yako ya simu.